Kubanika samaki kwa gesi, mkaa au kuni: piga hesabu kabla ya kununua jiko

Wiki hii mama mmoja anayebanika sato pale mwaloni kaniuliza: "Bwana samaki, fundi ananiuzia jiko la moshi la gesi. Kuni zimenimaliza macho na kifua. Ninunue?" Nikamuuliza kwanza, samaki wako unamuuzia nani? Akashangaa. Lakini jibu lote liko hapo.

Kubanika ni kazi mbili zinazofanyika pamoja: kuna joto na kuna moshi. Joto ndilo linaloivisha samaki na kumtoa maji. Moshi unampa rangi, harufu na kumkinga kiasi dhidi ya kuoza. Kuni zinatoa vyote viwili kwa mpigo, ndiyo maana tumezizoea, lakini huwezi kupunguza kimoja ukabakiza kingine. Mkaa ulioshika vizuri unatoa joto na moshi kidogo sana. Gesi yenyewe haitoi moshi kabisa. Mwali wake ukiwa wa bluu, samaki atatoka ameiva tu kama wa kwenye oveni. Kwa hiyo kila jiko la moshi la gesi lina sinia la chuma juu ya mwali, unatia maranda au vipande vya mti vifuke taratibu bila kuwaka. Mpera na mwembe vinafaa. Msindano usitie, utomvu wake unaacha masizi na uchungu. Mbao zilizopakwa rangi au dawa ndiyo kabisa usiguse.

Sasa hesabu. Kilo moja ya gesi ina joto la takriban megajuli 46, mkaa 29, kuni kavu 16 hivi. Kwa hiyo kilo moja ya gesi ni sawa na kilo tatu za kuni kwa joto. Inavutia, sivyo? Ngoja. Tuseme una kilo 50 za sato na unataka wakauke waende safari ya mbali, yaani watoke maji lita 25. Kuvukiza lita moja kunakula megajuli kama 2.5, na majiko yetu mengi hupoteza joto sehemu kubwa. Ukiweka kwamba robo tu ndiyo inafika kwa samaki, unahitaji megajuli 250. Hiyo ni gesi kilo tano na nusu: mtungi mdogo wa kilo 6 umekwisha kwa mzigo mmoja! Piga kwa bei ya gesi ya kwenu, uone kama faida inabaki.

Ila kama unauza samaki laini wa moshi kwa hoteli na migahawa ya mjini, hesabu inageuka. Huyo hakaushwi, anaivishwa tu: katikati ya mnofu ifike nyuzi 63 na ikae hapo nusu saa. Anahitaji friji na ataliwa ndani ya siku chache. Hapo gesi ni tamu kweli, maana unazungusha kitufe na joto linatulia, huamki usiku kuchochea. Halafu gesi ikiungua hutoa mvuke, kwa hiyo mnofu haukakamai. Ukishamtoa kwenye maji ya chumvi, mwache achuruzike hadi ngozi inate kidogo kidoleni ndipo umuingize. Samaki aliyelowa moshi haumshiki vizuri.

Kwa wakaushaji, njia ya kati ni kutenganisha joto na moshi bila gesi. Tanuri la FTT, lililobuniwa Senegal kwa ushirikiano na FAO, linafanya hivyo: samaki anaivishwa kwa makaa, mafuta yake yanakingwa yasidondokee motoni, moshi unakuja baadaye kutoka chumba chake. Faida si macho tu. Mafuta yakidondokea moto hutoa moshi wenye kemikali za saratani, na soko la Ulaya haliruhusu zaidi ya mikrogramu 2 za benzopirini kwa kilo ya samaki wa moshi. Mkaa nao si wa bure, kwani matanuri ya udongo hula kilo 5 hadi 10 za kuni kupata kilo moja.

Jambo moja nililijifunza kwa aibu. Nilimwambia kijana mmoja azibe matundu ya jiko lake la gesi ili moshi usitoroke. Mwali ukakosa hewa, ukazimika, gesi ikaendelea kutoka. Bahati alisikia harufu kabla hajawasha kiberiti. Gesi hii ni nzito kuliko hewa, inatuama chini, haipandi juu kama moshi. Basi matundu ya chini na ya juu yabaki wazi, mtungi ukae nje ya kibanda, umesimama wima, na viungo vya mpira vipimwe kwa povu la sabuni. Mwali ukizimika, funga mtungi, fungua milango, subiri harufu iishe kabisa.

Yule mama? Wateja wake ni wa mikoani, wanataka mkavu. Jiko la gesi ameliacha. Tunajenga tanuri la matofali lenye bomba la kutolea moshi juu ya paa, na wiki ijayo fundi anaanza msingi.