Jua la Ngong na Ngozi Yako: Nani Yuko Hatarini Zaidi?

Wakazi wengi wa Kaunti ya Kajiado hushinda juani. Mchungaji yuko malishoni, mama mboga yuko sokoni, mwendeshaji bodaboda yuko steji, na mtoto yuko uwanjani shuleni. Jua ni lile lile, lakini haliwadhuru wote kwa kiwango sawa. Somo letu linaeleza sababu na hatua za kuchukua.

Jua huletaje saratani?

Mwangaza wa jua una miale isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Kwenye chupa za losheni huandikwa UV. Miale hii hupenya ngozi na kuharibu chembe za urithi zilizo ndani ya seli. Mwili hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo, lakini si wote. Unaobaki hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, tangu utotoni, hadi baadhi ya seli zianze kuongezeka bila mpaka. Hiyo ndiyo saratani ya ngozi.

Kinga ya asili ni melanini, yaani rangi ya ngozi. Mwenye ngozi nyeusi anayo nyingi, na ni nadra jua kumletea saratani. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo sana au hana kabisa. Ngozi yake huungua upesi, na bila kinga anaweza kupata saratani akiwa bado kijana. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 9,729 wenye ualbino nchini Kenya.

Mawingu yasikudanganye

Mji wa Ngong uko zaidi ya mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), miale hii huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000. Tena tuko karibu na ikweta, ambako jua la adhuhuri ni kali mwaka mzima. Mawingu mepesi yanaweza kupitisha hadi asilimia 80 ya miale. Kwa hivyo baridi ya Julai si kinga.

Kipimo rahisi ni kivuli chako. Kikiwa kifupi kuliko wewe, miale ni mikali.

Kumkinga mwenye ualbino

1. Avae kofia yenye ukingo mpana inayofunika masikio na shingo. Kepu haitoshi.
2. Avae nguo za mikono mirefu zilizofumwa kwa kubana. Walimu wamruhusu hata kama si sare ya shule.
3. Akae kivulini kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Gwaride na michezo vipangwe asubuhi mapema.
4. Apake losheni ya kuzuia jua yenye SPF 30 au zaidi kabla ya kutoka, na arudie kila baada ya saa mbili.
5. Asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu (NCPWD), ambalo hutoa losheni hiyo bila malipo kwa watu wenye ualbino waliosajiliwa.

Dalili ambazo hazingoji

Nenda hospitali ukiona kidonda kisichopona kwa wiki nne, gamba linalorudi kila likibanduka, au uvimbe unaokua na kutoa damu. Usikifunike kwa dawa za dukani ukingoja. Daktari hukata kipande kidogo cha ngozi kikapimwe maabarani. Ikigunduliwa mapema, mara nyingi saratani hii huondolewa kwa upasuaji mdogo. Ikicheleweshwa, huweza kula nyama na mfupa.

Wenye ngozi nyeusi nao wajikague nyayo, viganja na kucha. Saratani iitwayo melanoma huwapata zaidi sehemu hizo, na huko haisababishwi na jua. Mwanamuziki Bob Marley alifariki mwaka wa 1981 kwa melanoma iliyoanzia kwenye kidole cha mguu. Jeraha la zamani la moto likifunguka tena, lionyeshe daktari pia.

Tujadiliane nyumbani

Je, katika shule iliyo karibu nawe kuna mtoto mwenye ualbino? Ana kofia? Anaketi wapi wakati wa michezo? Muulize mwalimu wake wiki hii. Uharibifu wa ngozi huanza utotoni, na kinga nayo ianze huko huko.