Mistari Katika Picha za Kamera za Ulinzi: Chanzo Chake na Namna ya Kukitafuta

Kamera za ulinzi zimekuwa kitu cha kawaida katika maduka, stoo na nyumba za kupangisha za Kata ya Buzuruga. Hata hivyo, wenye kamera wengi hugundua udhaifu wake siku ile wanapoihitaji. Mlango umevunjwa usiku, mwenyekiti wa mtaa na askari wameketi mbele ya televisheni, na picha ya saa nane inaonyesha mistari mipana ikipanda taratibu juu ya uso wa mtu asiyetambulika. Mara nyingi mwenye mali huambiwa kwamba kamera imekufa, anunue nyingine. Hununua, na mistari hubaki palepale, kwa sababu ugonjwa haukuwa ndani ya kamera.

Umeme wa TANESCO huzunguka mara 50 kwa sekunde, na kamera nyingi zinazouzwa nchini hutoa picha 25 kwa sekunde. Kwa hesabu 50 hugawanyika kwa 25 bila baki, lakini kasi halisi za umeme na za kamera hazilingani kikamilifu. Ndiyo maana umeme wa nyumba unapopenya katika waya wa picha, alama yake haisimami mahali pamoja wala haikimbii, bali hutembea polepole kutoka chini kwenda juu au kinyume chake. Ukiona mwendo huo, elekeza shaka yako kwenye umeme na namna nyaya zilivyofungwa.

Njia kuu ya upenyaji huo ni athi, yaani waya unaoingia ardhini, na hapa kwetu jambo hili lina uzito wa pekee. Tuchukue mfano wa duka lenye mita yake ya LUKU na fimbo yake ya athi, pamoja na stoo iliyo hatua 40 nyuma yake, yenye mita nyingine na fimbo nyingine. Kinasa picha, ambacho mafundi hukiita DVR, kimewekwa dukani. Kamera imekazwa kwa skrubu kwenye fremu ya chuma ya stoo. Waya wa picha, ule unaofanana na wa antena ya televisheni, una wavu wa chuma unaozunguka kiini chake, na wavu huo sasa umeunganisha ardhi mbili zisizo na volti sawa. Ishara ya picha katika waya huo ni takriban volti moja tu. Tofauti ya volti moja kati ya athi hizo mbili yatosha kusukuma mkondo katika wavu na kuichafua picha.

Mwanza ni mji wa miamba. Mahali pengi fimbo ya athi hugonga jiwe kabla haijazama nusu yake, fundi akaikata na kuifukia juujuu. Mwamba mkavu hauupitishi umeme vizuri, hivyo athi ya nyumba moja huweza kuwa dhaifu kabisa huku ya jirani ikiwa nzuri. Palipo na mwamba, ni afadhali kuchimba mtaro na kulaza utepe wa shaba katika udongo wenye unyevu, au kufunga fimbo kadhaa na kuziunganisha. Desturi ya kujaza shimo chumvi na mkaa hupunguza ukinzani kwa muda, lakini chumvi huoshwa na mvua na huila shaba. Asiyekagua shimo hilo kwa miaka mingi asishangae akikuta fimbo imekwisha.

Kutafuta chanzo hakuhitaji vifaa vya gharama. Ikiwa kamera inatumia volti 12, kama zilivyo nyingi, chomoa adapta yake na uiwashe kwa betri nzima ya pikipiki, ukizingatia chanya na hasi. Mistari ikitoweka, imepitia kwenye adapta: ama ni mbovu, ama ndiyo iliyobeba athi ya upande wa pili. Ikibaki, ifungue kamera kutoka kwenye chuma na uiweke juu ya ubao mkavu. Ikitoweka sasa, kosa ni mgusano wa gamba la kamera na fremu, na tiba yake ni kipande cha mbao au plastiki kati ya viwili hivyo, pamoja na skrubu zisizopenya hadi kwenye chuma. Ikiwa bado ipo, leta televisheni ndogo karibu na kamera na uiunganishe kwa waya mfupi. Picha safi hapo yaonyesha kwamba uchafu unaingia njiani. Kipo pia kifaa kidogo chenye transfoma ndani, kinachopachikwa kwenye waya wa picha ili kukata mzunguko wa athi.

Hapa pana onyo ambalo halina mjadala. Wapo wanaoondoa mistari kwa kukata waya wa athi wa kinasa picha. Picha hung'aa, na kuanzia siku hiyo gamba la kifaa laweza kubeba volti 230 hitilafu ikitokea, likimsubiri mtoto au mfanyakazi aliguse. Vilevile, wakati wa kuchomoa waya unaounganisha majengo mawili, fundi asishike kichwa cha waya huo na gamba la kinasa kwa pamoja, na vikishatengana apime kwanza kwa mita kati ya viwili hivyo.

Si kila kasoro ni mwingiliano wa umeme. Picha iliyo njema mchana na inayofifia au kukatika usiku kwa kawaida ni njaa ya volti. Giza likiingia kamera huwasha taa zake zisizoonekana kwa macho na kuhitaji mkondo mkubwa zaidi. Kamera inayovuta nusu ampea kupitia waya wa shaba wa milimita mraba 0.5, umbali wa mita 40, hupoteza kama volti 1.4 njiani. Waya wa alumini uliopakwa shaba hupoteza zaidi ya volti 2, na kamera hupata chini ya 10. Kwangua waya kwa kisu kabla ya kuununua: ukiwa mweupe ndani, umeuziwa alumini.

Picha inayopepesa chini ya taa huenda imepangwa kwa hezi 60 za Marekani. Irekebishwe kuwa 50 katika menyu. Chembe zinazotokea pale tu jirani anapochomelea vyuma au kuwasha mashine ya kusaga huashiria kwamba waya wa picha umelazwa pamoja na waya wa umeme. Vitenganishwe angalau sentimita 30, na vikilazimika kukutana vipishane kwa pembe mraba. Kamera za mtandao hazionyeshi mistari hii. Zenyewe huganda au kupotea, na zile zisizo na waya mara nyingi husongwa na Wi-Fi za majirani. Chaneli 1, 6 na 11 ndizo zisizoingiliana.

Radi nayo isisahaulike, kwa kuwa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo yenye radi nyingi barani Afrika, na nyingi huzuka usiku juu ya maji. Waya mrefu wa shaba kati ya majengo mawili huibeba hadi kwenye kinasa. Kwa umbali huo ni bora kutumia waya wa nuru, ambao hauna chuma cha kupitisha radi wala athi.

Kazi ya athi na swichi kuu afanye fundi mwenye leseni ya EWURA. Kabla ya kumlipa, mwombe akuandikie vipimo viwili: ukinzani wa athi kwa omu, na volti iliyofika kwenye kila kamera baada ya giza kuingia, taa zake zikiwa zinawaka.