KUTENGENEZA NYUMBA KWA SIKUKUU BILA KUINGIA DENI

Matsangoni ni mahali palipo kando ya barabara kuu ya Mombasa na Malindi, kati ya Kilifi na Gede. Mwezi wa Desemba unapofika, magari ya abiria hushusha pale watu wengi wenye mizigo. Ni wana wa nyumbani wanaofanya kazi Mombasa na kwingineko, nao wanarudi kula sikukuu pamoja na wazee wao. Nyumba iliyozoea watu watano hulala watu kumi. Ndipo wenyeji wengi hushikwa na wasiwasi, wakaona nyumba zao hazifai kutazamwa, wakakimbilia dukani kununua mapazia, maua ya plastiki na vikombe vipya, pengine kwa mkopo. Sikukuu hupita kwa siku mbili, na mwezi wa Januari shule hufunguliwa. Hapo mtoto hukosa viatu, na pazia jipya liko dirishani.

Jambo hili halihusu Krismasi peke yake. Katika vijiji vya huko Wakristo na Waislamu hukaa pamoja, na mara nyingi huwa wa ukoo mmoja. Idi nayo ina gharama zake, na kwa kuwa hufuata mwandamo wa mwezi, hutangulia siku 10 au 11 kila mwaka. Asiyeitazamia mapema hufikiwa na sikukuu kabla hajajiweka tayari.

Walakini nyumba haipendezi kwa wingi wa vitu vilivyonunuliwa. Hupendeza kwanza kwa usafi na mpango, kisha kwa pambo. Na pambo lenyewe, sehemu kubwa yake imo nyumbani na shambani. Kazi yote yaweza kumalizika kwa majuma manne, ikiwa fedha zimegawanywa kabla ya mtu kwenda sokoni. Mwenye shilingi 3,000, kwa mfano, na azifunge mafungu matatu: shilingi 1,500 za mahitaji ya shule, ambazo hazitaguswa, shilingi 1,000 za chakula cha wageni, na shilingi 500 za nyumba, yaani chokaa, uzi, sindano na misumari. Fungu la nyumba likiisha, kazi iliyosalia ifanywe kwa vitu visivyonunuliwa.

JUMA LA KWANZA: KUTOA VITU NJE

Asubuhi ya siku kavu, vitu vyote vya chumba kimoja vitolewe uani. Yafaa kufanya chumba kimoja kwa siku. Atakayetoa vitu vya nyumba nzima mara moja ataingiliwa na usiku kabla hajamaliza, na vitu vitarudishwa ovyo kama vilivyokuwa.

Vitu hivyo vigawanywe mafungu matatu. Fungu la kwanza ni vitu vinavyotumika. La pili ni vya kutengenezwa, kama kiti kilicholegea mguu au mkeka uliofumuka. La tatu ni vitu vya kutoka, yaani vya kupewa mtu mwingine, kuuzwa au kutupwa. Kitu ambacho hakikushikwa tangu sikukuu ya mwaka uliopita yafaa kitazamwe sana kabla ya kurudishwa ndani. Lakini vitu vya wazee visitupwe bila wao kuulizwa. Kibuyu kilichopasuka chaweza kuwa takataka machoni pa kijana, kumbe ni ukumbusho wa nyanya kwa watu wake waliokufa. Kwake yeye kitu hicho ndicho pambo la nyumba, na mahali pake ni ukutani.

Chumba kikiwa kitupu, utandabui uondolewe kwa ufagio wa chelewa uliofungwa katika ufito mrefu. Kazi ianze juu darini na kuishia chini sakafuni. Magodoro yaanikwe juani na kugeuzwa, na mishono yake itazamwe, maana kunguni hujificha humo. Mikeka ipigwe na kukung'utwa.

Kisha uwanja utazamwe. Makopo, vifuu na mipira mibovu ya magari hushika maji ya mvua. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, ambayo imekwisha kuingia pwani ya Kenya zaidi ya mara moja, hupenda kutaga katika maji ya vyombo kama hivyo. Toka yai hata mbu kuruka ni muda wa juma moja au mawili tu. Kwa hiyo kopo lililofunikwa udongo leo ni faida kwa wageni watakaolala nje ya chandarua siku ya sikukuu.

JUMA LA PILI: MAHALI PA KILA KITU

Vitu visirudishwe ndani mpaka kila kimoja kimepewa mahali pake. Watu wa kale wa Gede, ambao magofu ya mji wao wa mawe yaliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka wa 2024, walilijua jambo hili. Katika kuta zao waliacha vidaka vya taa, na nyuma ya vyumba vya kukaa walijenga vyumba vya akiba. Nyumba ya udongo yaweza kuwa na mpango huo huo kwa gharama ndogo.

Nguo zisilundikwe kitandani. Ufito mmoja uliolainishwa, ukaning'inizwa kwa kamba mbili katika boriti, huchukua nguo za watu kadhaa. Vitunguu, ndimu na viazi huhifadhiwa vizuri katika pakacha lililotundikwa jikoni, maana hewa hupita pande zote, na panya hawalifikii kwa urahisi. Vyombo vilivyooshwa vikaushwe juani juu ya kichanja cha miti, kimo cha kiuno cha mtu mzima, ili kuku na mbuzi wasivichezee. Sanduku la nguo na la vitabu vya shule liwekwe juu ya mawe manne. Likikaa chini sakafuni, mchwa hulila upande wa chini, na mwenyewe hana habari. Vyeti vya kuzaliwa, kadi za zahanati na karatasi za shamba zitiwe pamoja katika mkebe mmoja wenye kifuniko, na watu wawili wa nyumba hiyo wajue ulipo.

Baada ya hayo ukuta utengenezwe. Nyufa zizibwe kwa udongo uliochanganywa na majani makavu yaliyokatwa vipande vidogo, nao uachwe ukauke kabisa kwa siku kadhaa. Kisha hupakwa chokaa. Maji hutiwa kwanza katika ndoo, na unga wa chokaa wa dukani huongezwa kidogo kidogo huku ukikorogwa, mpaka uwe mzito kama maziwa. Hutiwa konzi moja ya chumvi ili ishike vizuri, ikaachwa usiku kucha, ikachujwa kwa kitambaa. Ukuta hunyunyizwa maji kabla ya kupakwa. Wengi hukosea hapa: wakiona chokaa mbichi ni nyepesi kama maji, hupaka nzito, nayo ikikauka hubambuka. Chokaa huwa nyeupe inapokauka. Mikono miwili au mitatu myepesi, kila mmoja ukikauka kabla ya mwingine, hudumu kuliko mkono mmoja mzito. Chokaa huunguza macho na ngozi. Kwa hiyo watoto wasiikoroge, na ikimwingia mtu jichoni aoshe mara hiyo hiyo kwa maji mengi safi, kisha aende zahanati.

Sehemu ya chini ya ukuta, kadiri ya mkono mmoja kutoka sakafuni, ipakwe udongo mwekundu uliochungwa na kuchanganywa na chokaa kidogo. Mstari huo ni pambo, tena huficha matope ya mvua na alama za mikono ya watoto.

JUMA LA TATU: KUSHONA NA KUSUKA

Mapazia mazuri yaweza kutoka katika leso za zamani. Leso ina pindo pande zote, mji katikati, na jina, yaani maneno yaliyoandikwa, upande wa chini. Haifai kuikata katikati ili kupata mapazia mawili, maana jina hukatika na maneno hupoteza maana. Kwa dirisha, leso moja itundikwe nzima kwa upana wake, jina likiwa chini. Kwa mlango, leso mbili za doti moja ziunganishwe, moja juu na moja chini. Urefu wake hutosha mlango, na maneno husomeka. Leso iliyochakaa katikati isitupwe: pindo lake likatwe na kushonwa katika ukingo wa kitambaa cheupe cha meza.

Mkeka uliofumuka ushonwe kwa miyaa kabla haujaharibika zaidi. Wageni wakiwa wengi kuliko viti, mkeka safi uliotandikwa vizuri una heshima kuliko kiti kibovu.

Kazi ya watoto ni minyororo ya karatasi. Kalenda zilizopita na kurasa za daftari zilizokwisha hukatwa vipande vya upana wa vidole viwili, kila kimoja hukunjwa kuwa pete, na pete hushikanishwa. Gundi haihitaji kununuliwa. Vijiko viwili vya unga wa muhogo hukorogwa katika kikombe cha maji baridi, kisha hupikwa kwa moto mdogo mpaka mchanganyiko uwe mzito na kung'aa. Gundi hiyo itumike kwa siku mbili, maana huchacha.

JUMA LA NNE: KUPAMBA

Makuti mabichi ndiyo pambo kubwa la pwani. Makuti mawili yaliyosimamishwa pande mbili za mlango, vichwa vyake vikafungwa pamoja juu, hufanya tao la kumkaribisha mgeni. Lakini yakatwe makuti ya chini ya mnazi, yaliyokaribia kukomaa. Mnazi mzima hutoa kuti jipya moja hivi kwa mwezi, na kuti changa la katikati likikatwa, mti hupungukiwa nguvu ya kuzaa. Pambo la siku mbili lisipunguze nazi za mwaka mzima.

Mti wa Krismasi hauna haja ya kununuliwa. Wakulima wengi wa Kilifi hupanda mivinje kwa ajili ya boriti na fito, na matawi ya chini hupunguzwa ili mti unyooke. Tawi moja la mvinje, likasimamishwa katika debe la mchanga uliolowa, hupendeza sana. Mchanga unyweshwe kila siku, na tawi likianza kukauka litolewe nje. Asumini na mrehani katika kikombe cha maji huleta harufu nzuri kwa Krismasi na kwa Idi.

Yako mambo ya kuachwa. Kombe na matumbawe yasichukuliwe katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, iliyotengwa tangu mwaka wa 1968. Hata kombe lililo tupu huwa nyumba ya kaa. Mikoko ya hori ya Mida na miti ya msitu wa Arabuko-Sokoke isikatwe kwa mapambo. Mifuko ya plastiki nayo isitumiwe, kwa kuwa sheria ya Kenya iliipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017.

Jambo kubwa kuliko yote ni moto. Nyumba ya makuti huteketea kwa dakika chache, na pepo za kaskazi za Desemba huupeleka moto katika nyumba ya pili. Mshumaa usiwekwe juu ya tawi la mvinje wala chini ya minyororo ya karatasi. Taa ya jua ndiyo bora. Anayetumia mshumaa auweke ndani ya chupa pana yenye mchanga, nje ya nyumba. Chetezo cha udi au ubani kikae mbali na pazia, na mtu mzima akiangalie. Ndoo moja ya mchanga na moja ya maji ziwe karibu na mlango usiku kucha.

KUSAIDIANA

Vyama vya Maendeleo ya Wanawake, vilivyoanza Kenya mwaka wa 1952, vilifundisha ushoni, upishi na usafi wa nyumba kwa vikundi. Njia hiyo ingali na faida. Nyumba tano zikishirikiana ndoo moja na burashi mbili, zikapaka chokaa kwa zamu, gharama hugawanyika, na nyumba ya mjane au mzee asiye na nguvu hupambwa pamoja na nyingine. Wanaume na vijana nao wana sehemu yao katika kukandika, kukata makuti na kutundika fito. Hii si kazi ya mama peke yake.

Wazee husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji hawezi kupona ikiwa mgeni amemwachia deni. Sikukuu iliyoandaliwa vema hujulikana Januari, mtoto anapokwenda shule amevaa viatu, na nyumba ingali nyeupe.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KATIKA CHAMA

1. Kwa nini fedha zigawanywe kabla ya kwenda sokoni?
2. Ni vitu gani vya nyumbani visivyopasa kutupwa bila wazee kuulizwa?
3. Kwa nini chokaa nyepesi hudumu kuliko chokaa nzito?
4. Ni hatari zipi za moto katika nyumba ya makuti, nazo huzuiwaje?