Dondoo muhimu: Kibanda cha kuwatazamia ndege

Iwe Hombolo, Bahi au Mtera, huko Dodoma, anza na maji. Kiangazi ukingo hurudi nyuma sana. Kibanda kilichofaa Aprili kinaweza kubaki kwenye matope makavu ifikapo Septemba. Jenga chepesi, cha kuhamishika.

Kama unakwenda alfajiri, kaa mashariki mwa maji. Jua litakuwa mgongoni pako, na mwanga utawaangukia korongo na mwari, si macho yako. Upepo wa kiangazi wa Dodoma nao huvuma zaidi kutoka upande huohuo, kwa hiyo ukuta wa nyuma uwe mzito na usiwe na tundu: unazuia vumbi na kuficha kivuli chako. Turubai linalopigapiga litawafukuza bata kabla hujafungua darubini.

Kimo? Tazama tembe la Wagogo: fupi, paa bapa, rangi ya udongo wa hapohapo. Dirisha liwe mwanya mwembamba usawa wa macho ukiwa umekaa, wenye ubao wa kuegemeza viwiko.

Mabua ya mtama ni kificho kizuri, ila ng'ombe nao wanayapenda. Zungushia matawi ya miiba, la sivyo utakuta kibanda kimeliwa.

Ongea na serikali ya kijiji na wavuvi kwanza. Kagua nyoka kabla ya kuketi. Na hila ya zamani: ingieni wawili, mmoja atoke aende zake waziwazi. Mara nyingi ndege hudhani kibanda ni kitupu.