Hao Ndege Wana Faida Gani?



Mwishoni mwa juma tulitoka Ruangwa tukapanda uwanda wa juu wa Rondo, ulio upande wa mashariki, waseminari watano na kamera mbili za kuazima. Tulikuwa na kibali cha kupiga picha katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Rondo, inayotunzwa na Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania. Mwenyeji wetu, mzee wa kigango cha jirani, alituuliza kabla hatujaingia msituni: "Wanangu, hao ndege wana faida gani kwetu?"

Tunasoma falsafa, lakini jibu hatukuwa nalo.

Asubuhi tulimsikia zuwakulu kijani kabla ya kumwona: mlio mmoja mzito, unaorudiwa bila kuchoka. Ndege huyu huishi katika vipande vya msitu vilivyoachana sana, kuanzia Arabuko-Sokoke nchini Kenya hadi Ngoye, Afrika Kusini. Tulimfukuzia huku na huku, na kwa kuwa mwanga chini ya miti ni hafifu, picha zilitoka na ukungu. Mwishowe tulikaa kimya chini ya mkuyu wenye matunda. Akaja mwenyewe.

Usiku tulimtafuta komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi. Huyu anaishi Tanzania tu, katika misitu michache ya pwani, na amewahi kuorodheshwa miongoni mwa wanyama 25 wa jamii ya kima na nyani walio hatarini zaidi duniani. Wataalamu humtambua hasa kwa mlio. Tulipoona macho yake yaking'aa, mmoja wetu aliinua kamera yenye flashi. Mzee akamshika mkono: "Utampofusha, mwanangu. Atarukaje?" Komba akatoweka. Tuseme ukweli, tulinuna.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika sehemu ya kwanza ya Summa Theologiae, swali la 47, anauliza kwa nini viumbe ni vingi na vya namna mbalimbali. Anajibu kwamba kiumbe kimoja hakitoshi kuonesha wema wa Mungu. Kinachopungua kwa kimoja hujazwa na kingine. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo katika Laudato si' mwaka 2015. Basi komba ana nafasi ambayo hata tembo hawezi kuijaza, na alikuwa nayo kabla sisi hatujauliza faida yake.

Hata hivyo, swali la mzee si la kubezwa. Yeye analima ufuta, na mipaka ya hifadhi inamgusa yeye, si sisi tunaorudi seminarini kukuta ugali mezani. Mtakatifu Thoma hatusaidii kumwambia mkulima avumilie tu.

Jumapili baada ya ibada tulimpa kamera. Alimtazama zuwakulu kwa muda mrefu.

"Na yule mdogo wa usiku?"

"Hatukumpata, mzee."

"Basi njooni tena. Ile taa iacheni huko huko."