Meli Iliyokosa Bandari

Zimbabwe haina pwani. Shehena iendayo huko kwa njia ya bahari haina budi kupitia bandari ya nchi jirani. Hali hiyo ya kijiografia ndiyo iliyowapa nafasi raia wa nchi kadhaa mwezi Aprili 2008, meli ya Kichina An Yue Jiang ilipotia nanga nje ya Durban, Afrika Kusini, ikiwa na tani 77 hivi za silaha za serikali ya Zimbabwe. Uchaguzi ulikuwa umefanyika tarehe 29 Machi. Matokeo ya urais yalikuwa hayajatangazwa, na wafuasi wa upinzani walikuwa wakipigwa.

Makuli wa Durban, kupitia chama chao SATAWU, walikataa kuipakua. Tarehe 18 Aprili Mahakama Kuu ikazuia silaha hizo zisipitishwe nchini. Meli iking'oa nanga. Lakini amri ya mahakama hukoma mpakani: je, meli ilielekea bandari gani?

Meli kubwa za safari za kimataifa hulazimika kuwa na kifaa cha redio kinachotangaza mara kwa mara jina la chombo, mahali kilipo na mwendo wake. Vituo vya pwani huzipokea habari hizo na kuziingiza katika intaneti. Mawimbi yake, ya karibu megahezi 162, husafiri takriban katika mstari ulionyooka. Umbali wa upeo wa redio, kwa kilomita, ni 4.1 mara kipeuo cha pili cha kimo cha antena kwa mita. Antena ya pwani yenye kimo cha mita 100 hufikia kilomita 41. Ile ya meli, yenye kimo cha mita 25, huongeza 20.5. Chombo kilicho zaidi ya kilomita 61 hivi kutoka kituoni hakisikiki kwa kawaida. Tena nahodha aweza kukizima kifaa.

Basi ni kutia chumvi kusema kwamba intaneti iliizuia meli. Barua pepe na simu ziliunganisha vyama vya wafanyakazi, makanisa na wanasheria wa Afrika Kusini, Msumbiji, Namibia na Angola, lakini kila kundi lilipaswa kuibana serikali yake lenyewe, na macho ya wafanyakazi wa bandarini yalihitajika pale ramani ya kompyuta ilipokuwa tupu. Rais Levy Mwanawasa wa Zambia, aliyekuwa mwenyekiti wa SADC, naye alizitaka nchi za eneo hilo ziikatae meli. Angola iliruhusu ishushe bidhaa za Angola tu, na China ikatangaza kwamba silaha zingerudishwa.