Kupandisha faili kwenye seva wakati mtandao hauaminiki

Ukiwa Dodoma, Kisumu au Bujumbura na seva yako iko Frankfurt, kila faili unayoipandisha hupita kwanza kwenye mnara wa simu au waya wa mtaani, ikafuata nyaya za nchi kavu hadi pwani, kisha ikazama baharini. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu kwa pamoja, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na nchi jirani. Mkasa wa ukubwa huo ni nadra. Midogo hutokea kila siku: umeme unakatika, bando linaisha, mnara unazidiwa jioni watu wakirudi nyumbani.

Kwa sababu hiyo, anayechagua njia ya kupandisha faili asianze kwa kuuliza ipi ina kasi. Aulize mtandao ukikatika faili ikiwa imefika nusu, itakuwaje? Ukipandisha kupitia ukurasa wa kivinjari, mara nyingi jibu ni kuanza upya na kulipia tena data uliyokwisha kuitumia. Kwenye mstari wa amri kuna jibu bora zaidi, na halihitaji utaalamu mkubwa.

Vifaa pengine unavyo tayari. Linux na Mac huja na ssh, scp na sftp, na Windows 10 imekuwa nazo tangu 2018. Fungua terminali (kwenye Windows, PowerShell) uandike:

ssh -V

Likitokea jina OpenSSH na namba ya toleo, uko tayari kuanza.

Huenda kampuni inayokuuzia nafasi ya tovuti bado inakupa FTP ya kale. Achana nayo ikiwa unaweza. FTP ilibuniwa mwaka 1971, mtandao ukiwa wa watu wachache waliofahamiana, na katika umbo lake la kawaida hutuma nenosiri waziwazi, hivi kwamba yeyote aliye njiani anaweza kulisoma. Hatari hiyo si ya kufikirika. Mwaka 1995 mtafiti wa Finland, Tatu Ylönen, aliandika SSH ya kwanza baada ya wadukuzi kunasa manenosiri kwenye mtandao wa chuo kikuu chake. Amri zote za hapa chini husafiri ndani ya SSH, na chochote kipitacho humo kimefumbwa.

Tuchukue tovuti ya gazeti dogo. Mtumiaji kwenye seva ni mhariri, na anwani ni 203.0.113.25 (iko kwenye kundi la anwani zilizotengwa kwa ajili ya mifano; weka yako). Ingia kwanza bila kutuma chochote:

ssh mhariri@203.0.113.25

Mara ya kwanza utaonyeshwa alama ya ufunguo wa seva, mfuatano wa herufi unaoanza na SHA256, kisha utaulizwa kama unaiamini. Wengi hujibu yes bila kusoma. Tafadhali soma. Kampuni nyingi huionyesha alama hiyo kwenye ukurasa wa kusimamia seva, au unaweza kuiomba kwa wahudumu wao. Linganisha, halafu ukubali. Siku ikitokea kompyuta ikakupigia kelele kwamba utambulisho wa seva umebadilika, usiendelee mpaka ujue sababu. Mara nyingi seva imewekwa upya tu. Lakini onyo hilohilo ndilo utakaloliona mtu akijiweka katikati yako na seva.

Baada ya hapo tengeneza ufunguo, uachane na kuandika nenosiri kila mara:

ssh-keygen -t ed25519
ssh-copy-id mhariri@203.0.113.25

Amri ya kwanza huzaa faili mbili. Ile yenye kiishio .pub ndiyo ya kupeleka kwenye seva. Nyingine ni siri yako: haitumwi kwa WhatsApp, haiwekwi kwenye flashi ya ofisi, hapewi hata fundi anayekusaidia, maana yeye atatengeneza wake. Ukiulizwa nenosiri la kuulinda ufunguo, weka. Kompyuta ikiibwa kwenye daladala, hilo ndilo litakalokupa muda wa kuufuta ufunguo kwenye seva kabla mwizi hajautumia. Windows haina ssh-copy-id. Huko fungua faili ya .pub, nakili mstari wake, uubandike mwishoni mwa faili iitwayo authorized_keys ndani ya folda ya .ssh kwenye seva.

Kisha ipe seva jina la mkato. Ndani ya folda yako ya .ssh, kwenye kompyuta yako, unda faili iitwayo config:

Host gazeti
    HostName 203.0.113.25
    User mhariri
    Port 2222
    ServerAliveInterval 30

Mstari wa Port unahitajika pale tu seva isipotumia poti ya kawaida, ambayo ni 22. Faili hii inakuepusha na usumbufu mmoja wa kukera: ssh hutaka poti kwa -p ndogo, ilhali scp huitaka kwa -P kubwa, na -p ndogo ya scp ina kazi nyingine kabisa. Ukishaandika config, husumbuki na herufi hizo tena. Mstari wa mwisho huituma kompyuta yako kuihoji seva kila baada ya sekunde 30, ili muunganiko uliokufa ujulikane mapema badala ya kukuacha ukitazama skrini iliyoganda.

Sasa tutume. Kwa faili moja ndogo, scp inatosha:

scp tangazo.pdf gazeti:tovuti/

Chanzo hutangulia, mwisho hufuata. Zile nukta mbili baada ya jina la seva ndizo zinazoeleza kwamba mwisho uko mbali. Ukizisahau, hutapata onyo lolote: ukiandika scp tangazo.pdf gazeti, kompyuta itakutengenezea nakala hapohapo ulipo, kwa jina gazeti, nawe utadhani umetuma. Na njia isiyoanza na mkwaju, kama tovuti/ hapo juu, huhesabiwa kuanzia kwenye folda ya nyumbani ya mhariri, si kwenye mzizi wa seva.

Kwa kitu kikubwa kuliko hapo, siishauri scp. Ikikatika haijui kuendelea, huanza mwanzo. Mwaka 2019 watengenezaji wa OpenSSH wenyewe waliandika kwamba itifaki ya scp imepitwa na wakati, wakapendekeza sftp na rsync, na tangu toleo la 9.0 la mwaka 2022 amri ya scp hutumia itifaki ya SFTP kwa ndani. Ukikutana na seva ya zamani inayoikataa scp mpya, ongeza -O. Kuhusu sftp, itumie pale kampuni inapokuruhusu hiyo peke yake: unaingia kwa sftp gazeti, unatembea kwa cd, unatuma kwa put, na ikikatika unarudi na kuandika reput ili iendelee ilipoishia.

Amri ninayoipendekeza kwa kila anayefanya kazi kwenye mtandao wa simu ni rsync. Andrew Tridgell na Paul Mackerras waliitoa huko Australia mwaka 1996, enzi za modemu, na hilo linaonekana katika kila uamuzi wake: haitumi baiti ambayo upande wa pili tayari unayo. Hutazama ukubwa na tarehe ya kila faili, ikaziruka zilizo sawa. Faili iliyobadilika huikata vipande, ikalinganisha, ikatuma tofauti tu. Lazima iwe imewekwa pande zote mbili. Kwenye Ubuntu au Debian ni sudo apt install rsync. Windows haiji nayo, hivyo tumia WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows). Mac inayo, ila matoleo yake yana chaguo pungufu.

rsync -av --progress --partial-dir=.rsync-partial --timeout=60 picha/ gazeti:tovuti/picha/

-a huhifadhi tarehe, ruhusa na mpangilio wa folda. -v hukuonyesha majina yanayopita. Lakini uzito wote uko kwenye partial-dir. Kwa kawaida rsync huandika faili inayowasili kwa jina la muda, kisha huipa jina lake halisi ikikamilika. Hivyo msomaji wa tovuti haoni kamwe picha iliyokatika nusu. Ila mtandao ukikatika, kile kipande hufutwa na jasho lako linapotea. Maelekezo mengi hukwambia utumie -P, ambayo hukihifadhi kipande. Ni kweli, lakini hukihifadhi kwa jina halisi la faili, kikikalia toleo zima lililokuwapo. Ukurasa uliokuwa ukifanya kazi asubuhi unaweza kubaki kipande mchana kutwa huku wewe ukisubiri umeme urudi. Kwa --partial-dir kipande huwekwa kando kwenye folda yake, toleo la zamani haliguswi, na ukirudia amri ileile kazi huendelea kutokea hapo. Kwa tovuti iliyo hewani, sioni sababu ya kufanya vinginevyo.

Angalia pia mkwaju mwishoni mwa picha/. Maana yake ni: tuma vilivyomo ndani ya folda. Ukiuondoa, unatuma folda yenyewe, na utaishia na tovuti/picha/picha. Hakuna kosa lolote litakaloandikwa; tovuti yako tu haitaona picha mpya.

Kabla ya kuanza, piga hesabu ya muda. Kasi ya megabiti 1 kwa sekunde ni kilobaiti 125 kwa sekunde, hivyo megabaiti 500 huchukua zaidi ya saa moja hata kama hakuna kinachokatika. Kazi kama hiyo nafuu uiache usiku, hasa kwa wenye bando la usiku, na uiagize ijianzishe upya yenyewe:

until rsync -a --partial-dir=.rsync-partial --timeout=60 video/ gazeti:video/; do sleep 30; done

Hii inasema: rudia mpaka ufaulu, ukipumzika sekunde 30 kila baada ya kushindwa. Ndiyo maana --timeout ipo. Bila hiyo rsync inaweza kukaa ikisubiri muunganiko uliokwisha kufa. Jaribu amri peke yake kwanza kwa dakika moja, kwa kuwa ukikosea njia itarudia kosa hilohilo hadi alfajiri. Na kama ufunguo wako una nenosiri, ufungue kwanza kwa ssh-add, la sivyo kila jaribio litakusubiri wewe uamke.

Mchana, mkitumia laini moja watu kadhaa ofisini, ongeza --bwlimit=60. rsync itabaki kwenye takriban kilobaiti 60 kwa sekunde, na wenzako wataendelea na kazi zao. Chaguo la -z, linalobana data, lina faida kwa maandishi: kurasa za HTML, hifadhidata iliyotolewa kama SQL. Kwa JPEG, MP3, MP4 na zip haisaidii kitu, kwa sababu zimekwisha kubanwa, na kompyuta itachoka bure.

Kuna chaguo moja la kuogopwa kwa dhati: --delete. Hufuta upande wa seva kila ambacho kwako hakipo. Linafaa unapotaka pande mbili zilingane kabisa, lakini ukikosea chanzo, tuseme umetaja folda tupu, rsync itaitii amri yako na kuifagia seva. Itangulize na -n kila mara, bila ubaguzi:

rsync -avn --delete picha/ gazeti:tovuti/picha/

Kwa -n hakuna kinachoguswa. Unaonyeshwa tu kingetokea nini. Soma orodha ya mistari inayoanza na deleting. Ukishangaa hata jina moja, simama.

Faili zikifika lakini kivinjari kikasema huna ruhusa, tatizo si upandishaji. Kwa tovuti za kawaida folda huhitaji 755 na faili 644. Wanaotuma kutoka WSL hukutwa na hili zaidi, maana faili zilizo kwenye diski ya Windows huonekana humo kama 777, na -a huzibeba na ruhusa hizo hadi kwenye seva. Ongeza --chmod=D755,F644 na yamekwisha. Ikiwa seva yenyewe ndiyo inakukatalia kuandika kwenye /var/www, usikimbilie kuingia kama root. Tuma kwenye folda yako ya nyumbani, kisha hamisha kwa sudo ukiwa ndani ya seva.

Pia usipandishe kila kilichomo kwenye folda yako ya kazi. Faili ya .env yenye manenosiri ya hifadhidata, folda ya .git, nakala za SQL: vikiwekwa kwenye folda ya umma, yeyote anayejua majina yake ya kawaida anaweza kujaribu kuvishusha, na wapo wanaozungukia tovuti usiku na mchana wakijaribu hivyo. Tumia --exclude='.env' --exclude='.git' --exclude='*.sql'.

Na kabla hujafuta nakala iliyo kwenye kompyuta yako ili kupata nafasi, hakikisha:

rsync -rvnc picha/ gazeti:tovuti/picha/

Herufi c huilazimisha rsync isome maudhui ya kila faili pande zote mbili, isitosheke na ukubwa na tarehe; n huizuia kutuma. Itachukua muda, lakini bando litatumika kidogo sana, kwa kuwa kinachosafiri ni muhtasari wa kila faili, si faili yenyewe. Jina lolote litakalotajwa ni la faili ambayo haijafika sawasawa. Ondoa n, uirudie amri, kisha hakikisha tena mpaka orodha iwe tupu.